Kicheko cha Mara Mbili: Filamu za Kiswahili na Mhakiki Asiyekuwapo

Katika ukumbi mmoja mdogo wa sinema jijini Nairobi, mojawapo ya zile kumbi chache za kujitegemea zisizofungamana na makampuni makubwa, niliketi jioni moja kuitazama filamu ya Vuta N'kuvute iliyoongozwa na Amil Shivji mwaka 2021. Kabla ya nusu saa kupita nilikuwa nimeng'amua jambo ambalo limenikera hadi leo: watazamaji walikuwa wakicheka mara mbili. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa wale waliokuwa wakisoma maandishi ya Kiingereza yapitayo chini ya picha, kwa kuwa maandishi hayo hujitokeza kwa mkupuo mmoja kabla mhusika hajaufikia mwisho wa kauli yake. Kicheko cha pili kilitoka kwa wale waliokuwa wakisikiliza, waliomngoja msemaji amalize. Fauka ya hayo, palikuwa na nyakati ambapo wale wa kwanza walinyamaza kabisa na wale wa pili wakacheka peke yao, wenzao wakageuka kuwatazama kana kwamba wamekosa adabu.

Baada ya filamu kulikuwa na mjadala, nao uliendeshwa kwa Kiingereza tangu salamu hadi kwaheri. Watu walizungumzia rangi, mwanga, mavazi, ukoloni na mapenzi. Na ni haki kukiri kwamba walizungumza vyema. Lakini hakuna aliyeligusa hata neno moja kati ya yale yaliyotamkwa katika filamu yenyewe. Nilitupa macho huku na huku nikiwatafuta wenzangu wa idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya jiji hili na viunga vyake, ambavyo si haba. Sikumwona hata mmoja. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya hao ambao hawakuwapo.

Hoja yangu ni moja. Filamu inayozungumza Kiswahili ni matini ya Kiswahili, na sehemu kubwa ya maana yake imo katika kauli zinazotamkwa na namna zinavyotamkwa. Ikiwa sisi tuliopewa kazi ya kuichunguza lugha hii na sanaa zake hatutakwenda kuzisikiliza filamu hizo na kuzihakiki kwa lugha hii hii, basi zitahakikiwa kwa yale maandishi ya chini ya picha, na historia ya sanaa hii itaandikwa na watu waliozisoma badala ya kuzisikia. Hasara hiyo haitakuwa ya watengenezaji filamu peke yao. Itakuwa yetu sisi, kwa maana tutakuwa tumejifungia katika chumba kimoja cha nyumba ambayo vyumba vyake vingine vyote vinakaliwa na watu.

Tuanze na jina lenyewe, kwani hata mtu ambaye hajaiona filamu anaweza kulipima. Kwa Kiingereza filamu hii inaitwa Tug of War. Jina hilo ni nomino. Ni jina la mchezo wa kamba, na ndani yake limebeba vita. Jina la Kiswahili si nomino wala halina vita. Ni kauli, tena kauli ya mtu mmoja akimwambia mwenzake. Kitenzi cha kwanza kiko katika hali ya kuamuru, nafsi ya pili umoja. Cha pili kiko katika dhamira tegemezi, mtenda ni nafsi ya kwanza na mtendwa ni nafsi ya pili. Tena tazama kilichoachwa nje. Msemaji hakusema "nivute nikuvute". Amesema "vuta" bila kutaja kinachovutwa, kisha akasema waziwazi atakayevutwa naye ni nani: ni wewe. Amejificha kama mtendwa, akajitokeza kama mtenda. Na kitenzi "kuvuta" katika Kiswahili hakina uadui wa lazima; kamba huvutwa, na moyo nao huvutwa. Katika kisa cha Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, akamwacha na kukimbilia Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma, kisha akapendana na Denge anayewindwa na polisi wa mkoloni, takriban kila mtu humwambia mwenzake kauli hiyo. Wazazi wanamvuta, mume anamvuta, dola inamvuta, mapenzi yanamvuta, naye huvuta. Aliyesoma jina la Kiingereza ameandaliwa kuona pande mbili zikishindana mbele yake. Aliyesikia jina la Kiswahili amekwisha kuambiwa "wewe" kabla hajaketi.

Hata ile irabu iliyodondoshwa ina kazi. "N'kuvute" ni Kiswahili cha kinywani, cha mwambao. Mtoto wa Nairobi aliyelelewa na kitabu cha shule angeandika "nikuvute" na mwalimu wake angempa alama. Kumbe kidoto kile kidogo kinatuambia kwamba hii ni sauti ya mtu wa mahali fulani. Ni maandishi gani ya tafsiri yanayoweza kulibeba jambo hilo?

Wala usidhani, ndugu msomaji, kwamba kila aliyeketi ukumbini akisikiliza alisikia. Hapa ndipo mhakiki anapohitajika zaidi. Kiswahili cha Unguja kina namna zake za kumpandisha mtu, kumshusha, kumkaribisha na kumweka mbali, na nyingi kati ya hizo zimo katika namna watu wanavyoitana. Chukua neno "shoga". Mwanamke wa Unguja humwita hivyo rafiki yake wa kike kwa mapenzi na kwa heshima. Kwa kijana wa Nairobi neno hilo ni tusi analolijua kutoka barabarani, na hulielekeza kwa wanaume. Mtazamaji wa aina hiyo anaisikia lugha yake ikisema jambo ambalo lugha yake haikulisema. Msomaji wa maandishi ya chini, kwa upande wake, hapati lolote. Maandishi hayo yana nafasi ya mistari miwili tu, na kinachotupwa kwanza daima ni viitikio, salamu na majina ya heshima, yaani vile viungo vinavyotuonyesha nani ni nani kwa nani. Basi tuna hadhira mbili katika ukumbi mmoja, moja imenyimwa na nyingine imepotoshwa, na baina yao hakuna mtu wa kusema neno.

Wapo wachache katika idara zetu ambao wameiona filamu hii, kwa sababu tu riwaya ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, wanaifundisha. Hao nao wana lao. Huenda ukumbini na riwaya kwapani, wakarudi na orodha ya yaliyokosekana: sura ile haikuonyeshwa, mhusika yule amefupishwa, safari ile imerukwa. Hukumu yao ni kwamba mwongozaji "amepotosha". Hii ni kazi ya karani wa ghala, wala si ya mhakiki. Filamu inayochukua takriban saa moja na nusu haiwezi kubeba riwaya nzima, na lau ingeweza tusingekuwa na haja nayo, kwani riwaya tunayo. Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, akaja tena na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hatukumwuliza mbona amelipa jina lake rangi ya siasa. Tulimsifu kwa kutambua kwamba anayeihamisha kazi huiandika upya. Mbona msamaha huo hatumpi mtu wa kamera?

Swali lenye tija ni jingine. Shafi anasimulia kwa nafsi ya tatu, msimulizi wake ni yule ajuaye yote, tena anapenda kusema. Anaingia moyoni mwa wahusika akatoka na habari zao zote. Filamu haina kinywa hicho. Yale yaliyosemwa na msimulizi sharti yagawiwe upya: sehemu kwa uso wa mwigizaji, sehemu kwa ukimya, sehemu kwa barabara na kuta za mji, na sehemu kwa wimbo. Si kwa bahati kwamba sehemu ya Mwajuma amepewa Siti Amina, ambaye katika maisha yake ni mwimbaji. Mtu akiisikia sauti hiyo Zanzibar hawezi kutomkumbuka Siti binti Saad, aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi santuri, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu tunaoufundisha hadi leo pasina mtu kuuliza kama uimbaji ni fasihi. Hapo pana makala mazima: msimulizi wa riwaya amekwenda wapi katika filamu, na je, wimbo umeurithi usimulizi wake? Sijayaona yakiandikwa kwa Kiswahili.

Ninapolalamika hivi, jibu ninalopewa mara kwa mara ni kwamba filamu si fasihi. Ina idara zake, wanasema. Iwaachie watu wa mawasiliano na sanaa za maonyesho. Wanaosema hivyo hawaijui historia ya taaluma yao wenyewe. Sinema imekuwa ndani ya ushairi wa Kiswahili kwa miongo mingi kabla ya yeyote kati yetu kushika chaki. Mombasa ya Regal, Naaz na Majestic ilikuwa mji wa filamu za Kihindi, na nyimbo za filamu hizo zilitoka ukumbini zikaingia barabarani, harusini na katika taarab. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana mwambao mzima kwa kuziimba beti za Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi, na miongoni mwa beti alizoziimba ni za Ahmad Nassir, malenga ambaye hakuna kozi ya ushairi nchini Kenya inayothubutu kumwacha nje. Ina maana gani basi kumfundisha Ahmad Nassir darasani, tukahesabu mizani na kutaja vina, huku tukijifanya kwamba mahadhi yaliyozibeba beti zake hadi masikioni mwa umma hayakuwahi kupita katika jumba la sinema? Mkondo huo tumeukata wenyewe, kisha tukasema haupo.

Isitoshe, kosa hili tumekwisha kulifanya katika tamthilia, nasi hatujajifunza. Ni wanafunzi wangapi wa shahada ya uzamili wanaoweza kuieleza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ukurasa kwa ukurasa lakini hawajawahi kuiona ikiigizwa? Tumeifundisha tamthilia kana kwamba ni riwaya iliyoandikwa kwa mtindo wa mazungumzo, na maelekezo ya jukwaani tumeyaruka kama mtu anavyoruka tanbihi. Mhakiki aliyezoea hivyo hana budi kuishiwa na maneno mbele ya filamu, kwa kuwa filamu haimruhusu kuruka chochote. Nashuku kwamba sehemu ya dharau yetu kwa filamu ni woga uliovaa joho.

Tena ni ajabu kwamba jambo hili litokee Nairobi. Waraka ule wa mwezi Oktoba 1968, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba kutaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi iondolewe, haukudai tu kwamba waandishi Waafrika wasomwe. Ulidai kwamba fasihi simulizi, ile isiyokaa katika kitabu, iwekwe kwenye kitovu cha masomo. Walioupinga walisema hayo si fasihi. Sisi warithi wa ushindi ule tumekalia viti vilevile, na tunawajibu vijana kwa maneno yaleyale.

Udhuru wa pili ni wa lugha. Filamu za Nairobi, tunaambiwa, hazizungumzi Kiswahili bali mchafukoge wa Sheng, Kiingereza na lugha za nyumbani. Mhakiki wa Kiswahili atazihakikije? Nitajibu kwa filamu moja ambayo kumbi ndogo za jiji hili hazijaacha kuirudia, Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, iliyotoka mwaka 2012. Mwas ni kijana wa mashambani anayetaka kuwa mwigizaji. Anaingia Nairobi, anaporwa siku ya kwanza, anatupwa korokoroni, na anaishia katika genge la wezi huku akitafuta nafasi katika jumba la maigizo. Mtazamaji makini ataona kwamba njia hiyo yote imewekewa alama kwa lugha. Nyumbani ni Gikuyu. Gengeni ni Kiswahili cha mtaani na Sheng. Katika jumba la maigizo ni Kiingereza. Mwas ni mwigizaji kwa maana mbili: anaigiza jukwaani, na anaigiza kila anapovuka kutoka lugha moja hadi nyingine, na katika genge anayekosea lafudhi hujiweka hatarini zaidi ya anayesahau maneno yake jukwaani. Huo ndio muundo wa filamu. Maandishi ya chini yanaufanya nini? Yanaugeuza wote kuwa Kiingereza kimoja, kisicho na kijiji wala mtaa. Msomaji wa maandishi hayo anamwona Mwas akihama, hamsikii akihama. Anayeweza kumsikia ni yule anayejua Kiswahili kinaishia wapi na Sheng inaanzia wapi, na ni nini kinachotokea katika mpaka huo. Huyo ni nani kama si mimi na wewe? "Uchafu" tunaoukimbia ndio data yetu.

Na kwa vile tumegusa majina: filamu hii ambayo sehemu kubwa ya uhai wake imo katika Kiswahili na Sheng ina jina la Kiingereza, ilhali Kati Kati ya Mbithi Masya ya mwaka 2016, ambayo wahusika wake huzungumza zaidi Kiingereza, ina jina la Kiswahili. Jina la kwanza linaangalia soko la nje, la pili linaangalia mizizi ya ndani, na katika kila moja jina na mwili vimepeana kisogo. Sitaliendeleza jambo hili hapa, lakini ninalitaja kwa mtu anayetafuta mada.

Haya ya lugha "isiyofaa" tulikwisha kuyasikia. Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974 aliambiwa kwamba hayo si mashairi kwa kuwa hayana vina wala mizani. Wanamapokeo na wanamabadiliko walipigana vikumbo kwa zaidi ya mwongo mmoja, karatasi nyingi zikatumika, na leo mashairi huru yanatahiniwa katika shule za upili bila mtu kupandwa na mori. Kilichowashinda wanamapokeo hakikuwa hoja, walichelewa tu. Walikuwa wangali wakifunga mlango hali mgeni amekwisha kula na kulala.

Nimesema kuhusu ukumbi mdogo wa mjini wenye viti vya kitambaa na mjadala wa Kiingereza. Lakini upo ukumbi mwingine wa kujitegemea, wa kale zaidi na wa watu wengi zaidi, nao ni kibanda cha video. Likarion Wainaina aliuona. Katika filamu yake Supa Modo ya mwaka 2018, inayomhusu msichana Jo ambaye ni mgonjwa wa maradhi yasiyo na tiba na anatamani kuwa shujaa wa filamu, yumo mtu anayewaonyesha wanakijiji filamu huku akizisimulia kwa kinywa chake. Maandishi ya tafsiri huyapitia maneno yake kana kwamba ni mzaha wa kando. Si mzaha. Ni fanani kazini.

Desturi hii ina ukoo mrefu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 jaribio la Waingereza lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment lilitengeneza filamu za mafunzo huko Vugiri, Tanganyika, na kuzizungusha kwa lori hadi Kenya, Uganda na kwingineko, zikifuatana na maelezo yaliyorekodiwa katika santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine. Sauti kando ya picha, basi, ilianza kwetu kama sauti ya kumwelekeza mtazamaji aone nini. Msimulizi wa kibanda ameirithi sauti hiyo akaipindua. DJ Afro hapa Kenya, Lufufu huko Tanzania, na wenzao wa Uganda wanaosimulia kwa Kiganda, huichukua filamu ya Hong Kong au ya Marekani, wakawabatiza wahusika majina ya mtaani, wakawapa nia ambazo mwandishi wa kwanza hakuzijua, wakaacha hadithi na kumkejeli mwanasiasa au kumkumbusha jirani deni, kisha wakarudi katika picha wakiwa hawajapitwa hata na ngumi moja. Tunafundisha kwamba sifa za fasihi simulizi ni utendaji, uwepo wa hadhira, ubadilikaji wa matini na ubunifu wa papo kwa papo. Ni sifa gani hapo iliyokosekana? Tunawapeleka wanafunzi mashambani na vinasasauti kumtafuta bibi kizee atambe ngano ambayo kwa hakika hajaitamba kwa miaka thelathini, akawatambia kwa sababu wameleta sukari. Na njiani tunapita vibanda kumi ambamo mtambaji yumo, hadhira imelipa, na hakuna aliyesinzia.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamili aliyekuwa chini ya uangalizi wangu aliandika pendekezo la utafiti kuhusu usimulizi huu. Alikuwa amekwisha kunakili kwa mkono saa kadhaa za simulizi, akitia alama pale hadhira ilipocheka na pale ilipomjibu msimulizi. Kamati ya idara, ambayo sitaitaja, ililirudisha pendekezo hilo kwa maelezo ya sentensi mbili: mada haimo katika uwanja wa fasihi ya Kiswahili, na lugha ya data si sanifu. Naona kwamba nyudhuru zote mbili nilizozijadili hapo juu zilitosha katika nusu ukurasa.

Haki inanilazimu kusema kwamba watengenezaji filamu wenyewe si watakatifu. Wengi wao huandika miswada kwa Kiingereza ili wafadhili wa Ulaya waweze kuisoma, kisha waigizaji wakaachiwa kuigeuza Kiswahili siku ya kupiga picha. Matokeo yake husikika: wahusika wanaozungumza kama barua za ofisi, au mama wa kijijini anayempongeza mwanawe kwa sentensi ambayo hakuna mama aliyepata kuitamka. Filamu nyingi za Riverwood na za Bongo, ambazo wasomi huzicheka, zina mazungumzo yaliyo hai kuliko kazi kadhaa zilizopewa tuzo ng'ambo. Kasoro zao ziko kwingine. Lakini nani atamwambia mwongozaji kwamba mazungumzo yake ni makavu ikiwa wahakiki wake wote wameyasoma kwa Kiingereza, ambamo yanapendeza? Huko nako ni kumnyima haki. Sanaa isiyokosolewa kwa lugha yake haina namna ya kujua inapokosea.

Yale ninayoyadai si makubwa. Sidai kwamba maandishi ya Kiingereza yaondolewe; mgeni naye ana haki ya kuona. Nadai kwamba filamu ya The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, ya mwaka 2019, inayohusu wazee wa Pwani wanaotuhumiwa uchawi na ambamo Kigiriama kinazungumzwa, ionyeshwe kwa maandishi ya Kiswahili pia, ili Mluo na Mkamba wasilazimike kupitia Kiingereza kumfikia Mgiriama. Nilipoiona mimi, njia ilikuwa hiyo moja. Watafsiri wa kazi hiyo tunawafunza sisi kila mwaka, kisha tunalalamika kwamba hawana ajira. Nadai kwamba idara zetu zifundishe kuisikiliza filamu kwa istilahi za Kiswahili, na pale istilahi zinapokosekana, tuziunde tukiwa kazini badala ya kungoja kamati. Nadai kwamba jarida kama hili litenge kurasa za uhakiki wa filamu katika kila toleo, ziandikwe na watu waliolipa kiingilio. Na ninadai kwamba mjadala unaofuata filamu ya Kiswahili uanze kwa Kiswahili. Jioni ile nilinyosha mkono nikauliza kwa Kiswahili kuhusu jina la filamu. Mwendeshaji alinitabasamia, akalitafsiri swali langu kwa wale waliokuwa wamelielewa, na akanijibu kwa Kiingereza.

Mwanafunzi niliyemtaja alibadilisha mada. Aliandika kuhusu matumizi ya methali katika riwaya mbili zilizowahi kutahiniwa shuleni, pendekezo lake likapitishwa mara moja, na alihitimu kwa alama nzuri. Siku aliyokuja kuniaga aliniachia madaftari matatu ya simulizi alizozinakili, kwa kuwa, alisema, hakuwa na pa kuyaweka. Yamo katika mtoto wa meza yangu. Katika pambizo za kila ukurasa, kwa kalamu nyekundu, ameandika mara kwa mara neno moja: "wanacheka".